Uzamivu wa Fedha: Mambo ya Kuulizana Nyumbani Kabla ya Kulipa Ada ya Kwanza

 

Zamani familia iliyotoa mtoto mmoja mwenye shahada ya kwanza ilitajwa mtaa mzima. Leo, kwa fadhila za Allaah, nyumba nyingi za Unguja na Pemba zina watoto waliomaliza shahada ya uzamili, na baadhi yao wanawaambia wazee wao kwamba wanataka kuendelea na uzamivu, yaani udaktari wa falsafa. Miongoni mwao wapo waliosoma uhasibu, biashara na benki, na fani wanayoitaka ni ya fedha.

Hapo huzuka masuali. Baba anauliza: miaka minne mengine ya nini, na huyu tayari ana kazi? Mama anauliza: nani atawaangalia watoto? Na babu, ambaye hajaingia chuo kikuu, huuliza suali zito kuliko yote: hiyo fani ya fedha si ndiyo fani ya riba?

Yote ni masuali ya haki. Makala hii inajaribu kuyajibu kwa utaratibu: uzamivu ni kitu gani hasa, fani yenyewe ina hukumu gani, njia yake ikoje, ada italipwa kwa mali ipi, na haki za watu wa nyumbani zitalindwa vipi.

Uzamivu ni nini

Wengi hudhani uzamivu ni darasa jengine lililo juu ya uzamili, kama vile darasa la saba lilivyo juu ya la sita. Sivyo. Katika ngazi zote za chini, mwanafunzi hupimwa kwa kuyafahamu waliyoyasema wengine. Katika uzamivu hupimwa kwa jambo moja: je, ameongeza kitu ambacho hakikuwepo katika elimu? Katika mfumo wa tuzo za vyuo vikuu unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ngazi hii ni ya 10, na hakuna iliyo juu yake.

Kazi kubwa ya mwanafunzi ni kuandika tasnifu. Hiki ni kitabu kizima, mara nyingi cha kurasa mia mbili au mia tatu, kinachojibu suali moja kwa ushahidi. Baada ya kuandika, hukaa mbele ya watahini, akiwemo angalau mmoja kutoka nje ya chuo, wakamhoji mpaka waridhike kwamba kazi ni yake na jibu lake lina msingi.

Kwa hiyo mwenye uzamivu wa fedha hakusoma kila kitu kuhusu fedha. Amelichimba shimo moja mpaka akafika majini. Familia ikilifahamu hili, itajua pia jambo la kwanza la kumuuliza kijana wao. Kabla ya jina la chuo na la nchi, aulizwe: suali lako ni lipi?

Nguvu ya suali moja

Tuchukue mifano inayojulikana.

Harry Markowitz, alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Chicago, alijiuliza kwa nini watu wenye akili hawaweki mali yao yote katika hisa moja inayotarajiwa kuleta faida kubwa zaidi. Alilijibu kwa hesabu, akionesha kwamba mtu hutazama faida na hatari kwa pamoja, na kwamba hatari ya hisa moja hupungua ikichanganywa na nyengine zisizopanda na kushuka nayo pamoja. Alichapisha makala yake mwaka 1952. Siku ya kuitetea tasnifu, Milton Friedman, mmoja wa wanauchumi wakubwa wa wakati huo, alimwambia kwamba kazi ile haikuwa uchumi. Akapasi, na mwaka 1990 akapata Tuzo ya Nobel kwa suali lile lile.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyoyo zetu. Huko Malaya, wakulima waliotaka kwenda Hijja walikuwa wakificha pesa majumbani au wakiuza mashamba na mifugo, kisha wakirudi kutoka Makka hawana kitu. Benki hawakuzitaka kwa sababu ya riba. Mwaka 1959 mchumi Ungku Aziz aliandika andiko akipendekeza njia ya mahujaji kuweka akiba na kuikuza bila ya riba. Shirika la akiba la mahujaji likaanza kazi mwaka 1963, na leo linajulikana kama Tabung Haji, miongoni mwa mashirika makubwa ya fedha ya Malaysia. Hata hili lilianza kwa suali moja lililoulizwa na mtu aliyewajua watu wake.

Mfano wa tatu ni wa hapa hapa kwetu. Karne ya 19 wenye mashamba ya mikarafuu Unguja na Pemba walipohitaji fedha, walitumia mkataba ulioitwa bei khiyari. Mwenye shamba "analiuza" kwa mwenye fedha kwa sharti kwamba akizirejesha ndani ya muda fulani atalichukua tena, na huku anaendelea kukaa shambani akilipa kodi. Jina lilikuwa la biashara, lakini ile kodi mara nyingi ilisimama mahali pa riba. Mwanahistoria Fahad Ahmad Bishara aliyachambua madeni ya aina hii katika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, kisha akaitoa kazi hiyo kuwa kitabu mwaka 2017, *A Sea of Debt*. Alizitumia nyaraka za madeni ya babu zetu, zikiwemo zilizohifadhiwa katika Nyaraka za Zanzibar, Kilimani.

Hapa pana jambo la kutafakari. Karatasi za madeni yetu ziko Kilimani, na mtu hutoka mbali kuja kuzisoma. Vijana wetu wanaopita mlangoni kila siku wana haki ya kuuliza masuali yao wenyewe:

- Nyumba za wakfu za Mji Mkongwe: kwa nini kodi yake nyengine haitoshi hata matengenezo, na ni mikataba gani ya kisheria inayoweza kuziokoa bila ya kuvunja sharti la mwenye kuweka wakfu?
- Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani: wanunuzi wanapowapa vifaa na fedha mapema, bei hupangwa vipi? Je, mkataba wa salamu, ambao mnunuzi hulipa kamili mwanzo na kupokea mazao baadaye, ungewafaa zaidi?
- Mikarafuu ya Pemba: mkulima anayeuza mavuno yangali juu ya mti hupoteza kiasi gani, na hukumu yake ni ipi?
- Mchezo wa pesa wa kinamama: kwa nini wanaulipa kwa uaminifu kuliko mikopo ya benki?
- Madirisha ya benki za Kiislamu: je, mikataba ya murabaha inayosainiwa inatekelezwa kama ilivyoandikwa?

Kila moja katika haya linatosha kuwa tasnifu. Na hakuna hata moja ambalo mtafiti wa mbali analifahamu kuliko mtoto aliyekulia ndani yake.

Je, inajuzu kusoma fani iliyojaa riba?

Turejee kwenye suali la babu. Riba ni haramu kwa Qur-aan, Sunnah na ijmai, na katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Muslim kutoka kwa Jabir (r.a.), laana imewajumuisha mlaji wa riba, mwenye kuitoa, mwandishi wake na mashahidi wake wawili. Hakuna wa kulipunguza hilo.

Lakini ni lazima tutofautishe baina ya kuijua haramu na kuitenda. Daktari husoma sumu ili aokoe watu, na kadhi husoma hila za wadanganyifu ili awatambue. Imepokewa kutoka kwa Umar bin Al-Khattab (r.a.) kwamba hakutaka auze sokoni mwao asiyekuwa na fahamu ya dini, kwa sababu asiyejua huingia katika haramu bila ya kuhisi. Soko la leo lina hati fungani, hisa, bima, mikopo ya simu na sarafu za mtandaoni, na asiyejua namna zinavyofanya kazi hawezi kusema wapi riba imeingia.

Fani ya fedha nayo si riba tupu. Ndani yake mna kupima hatari, kuthamini biashara, kusimamia akiba, kugawana faida na hasara, kuchunguza ubadhirifu na kusoma takwimu, na haya kila Muislamu mfanyabiashara anayahitaji. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamejuzisha kuisoma elimu hii kwa mwenye nia ya kunufaisha na kuepuka haramu yake, na wapo walioihesabu kuwa ni katika fardhu kifaya, maana umma usiokuwa na watu wa fani hii utabaki ukiamuliwa na wengine.

Nia na kazi inayokusudiwa ndizo hubadilisha hukumu. Anayesoma ili aje kusimamia utoaji wa mikopo ya riba hayuko sawa na anayesoma ili ajue njia ya kuiepuka. Na mwanafunzi ambaye sehemu ya masomo yake inamlazimu kufanya hesabu za riba katika mtihani, huko ni kujifunza. Kuandika mkataba wa kweli wa riba baina ya watu wawili ni jambo jengine kabisa. Mwenye hali mahsusi, kwa mfano aliyeambiwa afanye mafunzo ya kazi katika idara ya mikopo, amuulize sheikh wake kabla ya kusaini.

Tuongeze mfano mmoja wa kuonesha jinsi wanazuoni wanavyowahitaji watu hawa. Mwaka 2009, katika kikao chake cha Sharjah, Majma'u ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa ilipitisha kwamba tawarruq iliyopangwa haijuzu. Katika muamala huo mteja hununua bidhaa kwa mkopo kupitia benki, na benki hiyo hiyo humuuzia papo hapo kwa mtu mwengine, yeye akatoka na fedha taslimu mkononi na deni kubwa zaidi. Kwenye karatasi yote ni mauzo. Kutambua kinachotendeka ndani kulihitaji watu waliofuata bidhaa, fedha na nyaraka hatua kwa hatua. Faqihi ndiye anayetoa hukumu, lakini humtegemea anayejua muamala unavyokwenda.

Njia mbili za kusoma, na wapi

Uzamivu huendeshwa kwa njia kuu mbili.

Ya kwanza ni ya utafiti na tasnifu pekee. Mwanafunzi anapewa msimamizi na kuanza utafiti mara moja. Hii ndiyo njia iliyozoeleka Uingereza, na hata Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hutumia njia ya tasnifu. Kwa kawaida huchukua miaka 3 mpaka 4 kwa wa muda wote, na zaidi kwa anayesoma huku anafanya kazi.

Ya pili ni ya masomo ya darasani kisha tasnifu. Marekani ndiyo yenye mfumo huu kwa ukamilifu: takriban miaka miwili ya darasa, mtihani mkubwa, kisha utafiti, na kwa jumla huwa miaka 5 au zaidi. Hisabati yake ni nzito. Ila vyuo vikubwa vya huko aghlabu humsamehe ada mwanafunzi wa uzamivu wa fedha na kumlipa posho kwa kusaidia kufundisha na kutafiti, jambo ambalo familia nyingi hazilijui.

Kwa anayelenga fedha za Kiislamu, Malaysia ndiyo iliyopiga hatua ndefu. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Kimataifa kilianzishwa mwaka 1983, na INCEIF ya Kuala Lumpur, iliyoanzishwa na Benki Kuu ya Malaysia mwaka 2005, ni chuo cha fedha za Kiislamu pekee na kinatoa uzamivu. Qatar kuna Chuo Kikuu cha Hamad Bin Khalifa, na Uingereza Chuo Kikuu cha Durham kimekuwa na watafiti wa fani hii kwa miaka mingi.

Kusafiri si lazima. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mzumbe hutoa uzamivu katika mambo ya biashara, na kwa mwenye familia, mwenye wazee wanaomtegemea, au binti ambaye safari ya mbali ina masuala yake ya kisheria na ya kifamilia, boti ya kwenda Dar ni nafuu kuliko tiketi ya ndege. Vyuo vyetu vya visiwani navyo viulizwe kila mwaka vimefungua programu zipi. Na chuo chochote cha nje kithibitishwe TCU kabla ya kulipa hata shilingi moja, ili shahada isije ikakataliwa baada ya miaka mingi.

Hatua zenyewe

1. *Suali na andiko fupi.* Kurasa tano mpaka kumi: tatizo ni nini, wengine wamesema nini, pengo liko wapi, na utalijibu kwa takwimu au mahojiano gani.

2. *Kumtafuta msimamizi.* Hili ni kubwa kuliko jina la chuo. Mwanafunzi asome makala za mwalimu husika, kisha amuandikie barua pepe fupi yenye adabu akieleza suali lake. Aulizie pia kwa wanafunzi wake wa sasa: anajibu? Wanamaliza? Wangapi anawasimamia? Msimamizi asiyepatikana ndiye aliyewachelewesha wengi.

3. *Uhakika wa takwimu.* Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998 na kampuni zake ni chache, kwa hiyo mbinu zilizobuniwa kwa masoko ya maelfu ya kampuni hazifanyi kazi hapa kirahisi. Benki nazo hazitoi mikataba ya wateja wake kwa kila anayeomba. Mtafiti ahakikishe mapema atapata nini, kwa barua, na apate kibali cha utafiti kwa mamlaka husika.

4. *Kutetea pendekezo, kukusanya, kuchambua.* Hapa ndipo anapojifunza programu za takwimu kama Stata au R, na ndipo wengi wanapochoka, kwa vile mwaka mzima unaweza kupita bila ya kitu cha kuonesha nyumbani.

5. *Kuandika, kuchapisha na kutetea.* Vyuo vingi sasa vinataka makala katika majarida ya kitaalamu kabla ya mtihani wa mwisho. Baada ya mtihani kuna marekebisho, na huenda yakachukua miezi.

Familia ielewe kwamba kuchelewa mwaka mmoja ni kawaida ya kazi hii. Kijana asiulizwe kila Ijumaa "unamaliza lini?" kama kwamba anafanya uvivu.

Ada italipwa kwa mali gani

Hapa ndipo penye mtihani mkubwa. Itakuwa ni jambo la kusikitisha mtu asome namna ya kuuepusha umma na riba, na masomo yenyewe ayalipie kwa riba.

Tupige hesabu ya mfano tu. Mkopo wa benki ya kawaida wa shilingi milioni 20, kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka inayohesabiwa juu ya deni linalobaki, ukilipwa kwa miaka 4, marejesho yatakuwa kiasi cha shilingi 577,000 kila mwezi, na jumla yake zaidi ya milioni 27. Tukiacha uharamu wake, ambao ndio asili, familia imelipa zaidi ya milioni 7 za bure.

Njia za kutafuta ni hizi:

*Ufadhili.* Serikali ya Uingereza hutoa ufadhili wa Jumuiya ya Madola unaofika ngazi ya uzamivu, na vyuo vingi vina nafasi zao wenyewe. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah ina mpango wa kusomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama, kama Tanzania, ulioanza mwaka 1983. Kwa miaka mingi mpango huo umelenga zaidi shahada ya kwanza, hivyo masharti ya mwaka husika yasomwe vizuri. Waombaji waanze mwaka mzima kabla.

*Mwajiri.* Mtumishi anayepewa ruhusa ya masomo mara nyingi huendelea na mshahara, na husaini ahadi ya kurudi kutumikia kwa miaka fulani. Hiyo ni ahadi, na Muislamu hutimiza ahadi. Asisaini huku moyoni amekusudia kubaki Ulaya.

*Bodi za mikopo.* Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu, na Bara ina yake. Bodi ya Bara ilikuwa ikiongeza juu ya deni tozo ya asilimia 6 kwa mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha, na Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwake. Mkataba wowote usomwe kifungu kwa kifungu: je, kuna nyongeza inayoshurutishwa juu ya mkopo, au ya kuchelewa kulipa? Kisha aulizwe mwenye elimu. Na mwenye deni la shahada ya kwanza alitie katika hesabu kabla ya kuongeza jengine.

*Benki za Kiislamu.* Baadhi ya benki za Kiislamu duniani hugharamia masomo kwa ijara ya huduma: benki huinunua huduma ya masomo kutoka chuoni kisha humpa mwanafunzi kwa malipo ya awamu yanayojulikana tangu mwanzo. Aulize kama inapatikana kwetu, na asikubali "fedha taslimu ya ada" iliyopewa tu jina la Kiarabu.

*Familia, wakfu na zaka.* Mkopo mwema baina ya ndugu uandikwe. Aya ya deni, ya 282 katika Suratul Baqarah, ndiyo aya ndefu kuliko zote, na imeamrisha kuandika. Tusione haya kuandikiana ati kwa sababu ni mtu na kaka yake. Ama zaka, mafakihi wametaja kwamba mhitaji aliyeshughulishwa na elimu mpaka hawezi kuchuma anaweza kupewa. Asili ya maneno yao ni elimu ya sheria, na wapo wa zama hizi waliopanua kwa elimu nyengine zenye manufaa. Mwenye kutaka kupokea au kutoa aulize kwanza.

Njia moja tunaitahadharisha: kuuza shamba la urithi ambalo wengine wana haki ndani yake. Haki ya dada haiwi ada ya kaka bila ya ridhaa yake ya kweli, na kunyamaza kwa aibu mbele ya wakubwa si ridhaa.

Haki za nyumbani

Ada mara nyingi ni sehemu ndogo. Tuchukue kijana mwenye mshahara wa shilingi milioni 1.2 kwa mwezi. Akiuacha kwa miaka 4 bila ya malipo, nyumba imekosa shilingi milioni 57.6. Ada ya mfano ya milioni 5 kwa mwaka ni milioni 20 tu. Kwa hiyo suali kubwa ni nani atabeba nafaka.

Nafaka ya mke na watoto haisimami kwa sababu mume yuko masomoni. Kodi, chakula, skuli na matibabu vipangwe kwa maandishi kabla ya safari. Muda wa kutengana nao ukubaliwe na mke kwa uwazi, na ikiwezekana wasafiri pamoja. Na pale mwanafunzi anapokuwa ni mke au mama, mume na jamaa wajue kwamba ruhusa ya mdomo haitoshi. Akirudi kutoka maktaba akakuta kazi zote za nyumba zinamngoja, uzamivu wake utachukua miaka 8. Wazee wazima wanaohitaji uangalizi nao wapangiwe mtu, maana haki yao ni ya mwanzo.

Njia za mkato

Ni wajibu kulisema hili wazi. Wapo wanaouza tasnifu zilizoandikwa tayari, wapo wanaolipwa kuandika kwa niaba, na wapo wanaotoa "udaktari" kwa malipo bila ya masomo. Siku hizi zimeongezeka programu za kompyuta zinazoandika kurasa kwa dakika chache. Kutumia chombo kwa namna chuo kinavyoruhusu na kukitaja ni jambo moja. Kudai kwamba kazi ya mwengine ni yako ni uongo na ghushi, na Mtume (s.a.w.) amejitenga na mwenye kughushi.

Katika fani ya fedha madhara yake hayaishii kwa mwenyewe. Daktari wa fedha huketi katika bodi ya benki, hupima mfuko wa pensheni, hushauri juu ya mali za wakfu. Aliyebuni takwimu katika tasnifu atazibuni pia pale palipo na akiba ya wajane.

Baada ya kuhitimu

Nafasi zipo: kufundisha vyuoni, utafiti katika benki kuu na taasisi za serikali, ushauri wa takaful na sukuk, ambazo zote zimeanza kukua nchini, na usimamizi wa wakfu. Ila isemwe pia kwamba uzamivu hauahidi utajiri. Anayetaka mshahara mkubwa haraka huenda vyeti vya kitaaluma vya uhasibu vikamfaa zaidi, na hakuna aibu katika hilo.

Na daktari wa fedha si mufti. Cheo chake hakimpi ruhusa ya kuhalalisha na kuharamisha, kama vile sheikh asivyopaswa kutoa hukumu ya muamala asioufahamu. Wakikaa pamoja, kila mmoja akijua mpaka wake, ndipo kheri inapopatikana.

Kwa ufupi, kabla ya ada ya kwanza, familia ikae kitako na kijana wao iulize mambo matano: suali lako ni lipi na litamfaa nani? Msimamizi wako ni nani? Takwimu utazipata wapi? Fedha ni ya halali na nafaka ina mwenyewe? Na ukikwama mwaka wa tatu, mpango ni upi? Akiyajibu, wamuunge mkono kwa mali na dua. Akishindwa kujibu, wasimkatishe tamaa. Wampe miezi sita akajiandae, aswali istikhara na ashauriane na waliopita njia hiyo.

Tunamuomba Allaah awape vijana wetu elimu yenye manufaa, rizki ya halali na amali yenye kukubaliwa.

Wa Allaahu A'lam.